Siku Tatu Kati ya Mlima Kenya na Nyandarua: Somo kwa Mwenyeji wa Nyeri

Shule zikifungwa mwezi Agosti na Desemba, nyumba nyingi za Kaunti ya Nyeri hupata wageni. Huja binamu na watoto wao kutoka Nairobi, rafiki wa kazini kutoka Mombasa, na siku hizi hata mtoto wa shangazi aliyehamia Marekani, akiwa ameandamana na mke ambaye hajawahi kuona mlima wenye barafu karibu na ikweta. Chai ikishanywewa, swali hufuata: huku kuna nini cha kuona? Mara nyingi mwenyeji huelekeza kidole upande wa mlima, husema "ule pale", kisha mazungumzo hugeukia bonasi ya majani chai.

Somo la toleo hili ni la mwenyeji huyo. Mambo matatu ambayo wageni hufuata Nyeri, yaani mlima na msitu, mchezo wa gofu, na urithi wa kale na wa vita vya uhuru, yote yanaweza kufikiwa kwa siku tatu kutoka mji wa Nyeri, na kwa mengi hakuna haja ya hoteli ya bei ghali. Kinachokosekana ni maarifa. Kwa upande wa mlima, kukosa maarifa kunaweza kumgharimu mtu uhai, na ndiyo sababu sehemu hiyo imepewa nafasi kubwa.

Mlima wenye majina mengi

Jina "Kenya" halikutoka Nyeri. Mwaka wa 1849 mmishonari Mjerumani Ludwig Krapf aliuona mlima kutoka Ukambani, alikokuwa mgeni wa mfanyabiashara maarufu Kivoi, na akaandika jina alivyolisikia kwa Wakamba: Kinyaa, mahali pa mbuni, kwa sababu weusi wa majabali na weupe wa barafu hufanana na manyoya ya mbuni dume. Krapf aliporipoti kwamba kuna theluji karibu na ikweta, wasomi wengi wa Ulaya walimcheka. Wamaasai waliuita Ol Donyo Keri, mlima wenye mistari. Kwa Wakikuyu ni Kirinyaga, makao ya Ngai, na wazee walisali wakiinua mikono kuuelekea.

Watoto huuliza swali zuri: mbona vilele vya mlima wa Wakikuyu, Wameru na Waembu vina majina ya Kimaasai? Jibu ni kwamba Mwingereza Halford Mackinder, aliyefika kileleni kwa mara ya kwanza inayojulikana mwezi Septemba 1899 pamoja na waelekezi wawili, César Ollier na Joseph Brocherel, aliviita vilele hivyo kwa majina ya laibon wa Wamaasai. Batian, wenye mita 5,199, ni Mbatian, laibon mkuu wa karne ya 19. Nelion, mita 5,188, ni ndugu yake. Lenana, mita 4,985, ni mwanawe Mbatian. Batian na Nelion ni majabali yanayohitaji kamba na ujuzi wa kupanda miamba. Lenana humfikisha mtu yeyote mwenye miguu mizima, subira na mwelekezi mzuri. Huko ndiko Kisoi Munyao alikopandisha bendera ya taifa usiku wa uhuru mwezi Desemba 1963.

Mlima wenyewe ni volkano iliyozimika zamani sana. Wanajiolojia wanakadiria kwamba uliwahi kupita mita 6,000, na kwamba vilele vya leo ni mabaki ya mwamba mgumu uliojaza koo la volkano baada ya sehemu laini kumomonyoka. Mbuga ya kitaifa ilianzishwa mwaka wa 1949, na mwaka wa 1997 Shirika la UNESCO liliutia mlima katika orodha ya Urithi wa Dunia.

Kuzaliwa chini ya mlima si kinga

Wakazi wengi huamini kwamba mtu aliyelelewa Kieni au Mathira amezoea baridi na mwinuko, hivyo mlima hauwezi kumdhuru. Imani hiyo si kweli. Mji wa Nyeri uko karibu mita 1,750 juu ya usawa wa bahari. Mwili uliozoea mita 1,750 haujazoea mita 4,200, kama vile anayejua kuvuka Chania kwa mguu hajajua kuogelea baharini.

Njia ya Naro Moru, ambayo ndiyo iliyo karibu zaidi na wakazi wa Nyeri, inaonyesha hatari ilipo. Siku ya kwanza gari hupandisha watu hadi kituo cha zamani cha hali ya hewa, Met Station, mita 3,050. Siku ya pili hupita kinamasi chenye mteremko mkali, huingia Bonde la Teleki na kulala Mackinder's Camp, karibu mita 4,200. Usiku huohuo, saa nane au saa tisa, safari ya kwenda Lenana huanza. Yaani kati ya kulala mara ya kwanza na mara ya pili mtu amepanda zaidi ya mita 1,100. Madaktari wa milima hushauri kwamba mtu akishapita mita 3,000, mahali pake pa kulala pasipande zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu au nne apumzike siku nzima. Ratiba ya kawaida ya Naro Moru huzidisha kipimo hicho zaidi ya maradufu. Kwa hivyo si ajabu kwamba wengi hutapika huko juu. La kushangaza ni wangapi hawatapiki.

Ugonjwa wa mwinuko huanza kama ulevi wa jana: kichwa kuuma, kichefuchefu, kukosa hamu ya chakula, kukosa usingizi. Mwenye dalili hizo asipande zaidi. Apumzike, anywe maji, na zikizidi ateremke. Dalili za hatari ni nyingine. Mtu akianza kuyumba kama mlevi na kushindwa kutembea juu ya mstari ulionyooka, akichanganyikiwa maneno, akikohoa povu, au akihema kwa shida hali ameketi, ubongo au mapafu yake yamejaa maji. Dawa ya kwanza ni kumteremsha papo hapo, hata kama ni usiku wa manane na mvua inanyesha. Kungoja asubuhi ni kosa linaloua. Asiteremke peke yake, na asiachwe kambini "apumzike" huku kikundi kikiendelea na safari.

Vijana wenye nguvu hupatwa zaidi kuliko wanavyotarajia, kwa kuwa ndio wanaokimbia. Mzee wa miaka 60 anayetembea polepole na kusimama kila mara huenda akafika Lenana akiwa salama kuliko mchezaji wa raga. Wanafunzi wa vyuo wanaopanda kwa siku mbili ili waokoe pesa ya chakula cha siku ya tatu wanapaswa kusikia hili kabla ya kufika langoni. Usiku mmoja wa ziada Met Station, na matembezi ya mchana ya kupanda kidogo na kurudi kulala chini, hubadilisha safari nzima. Wanaopitia Sirimon, upande wa Nanyuki, hupata mteremko wa taratibu zaidi, ingawa huko pia hatua ya kutoka Old Moses, karibu mita 3,300, hadi Shipton's, karibu mita 4,200, ni ndefu kwa siku moja.

Baridi nayo ina mambo yake. Suruali ya jinzi ikilowa hainyauki huko juu, na kitambaa cha pamba kilicholowa huvuta joto mwilini. Sufu, hata sweta kuukuu ya mtumba, hufaa zaidi. Miezi ya kiangazi, Januari na Februari, kisha Julai hadi Septemba, ndiyo mizuri. Mvua za masika hunyesha kuanzia Machi hadi Mei na za vuli kuanzia Oktoba hadi Desemba, na likizo ya Krismasi, ambayo ndiyo wakazi wengi huitumia, mara nyingine huangukia mkiani mwa vuli. Mlima huwa wazi alfajiri na kufunikwa na mawingu kufikia saa tano asubuhi. Anayeondoka kambini saa mbili asubuhi akitaka kuona Tanzania kutoka Lenana atauona ukungu.

Asiyetaka kilele bado ana safari nzuri ya siku moja. Kutoka lango la Naro Moru hadi Met Station na kurudi, mtu hupita msitu wa mierezi na podo, kisha mianzi, akiwaona mbega weusi wenye mkia mweupe juu ya matawi. Njia hii inawafaa hata watoto wa shule ya msingi mradi wawe na maji na makoti ya mvua. Juu zaidi, baada ya vichaka, huanza nchi ya lobelia na ile mimea mikubwa kama kabichi iliyopandikizwa juu ya nguzo. Mimea hiyo hufunga majani yake usiku ili baridi isiue chipukizi la kati, na hufungua jua linapochomoza. Hapo pia huishi pimbi wa mlimani, wasioogopa watu na wanaojua sana njia ya kufungua mfuko wa mkate.

Jambo moja linawahusu walio na watoto wadogo. Barafu inayoitwa Lewis, iliyo chini ya Lenana, imepimwa tangu mwaka wa 1934, na kufikia 2010 ilikuwa imepoteza karibu asilimia 90 ya ujazo wake. Jirani yake, barafu ya Gregory, imetoweka. Ukubwa wa mito haitegemei barafu hiyo peke yake. Msitu na mvua ndiyo tangi kubwa la Tana na Ewaso Nyiro. Hata hivyo anayetaka mwanawe aguse barafu ya Kirinyaga kwa mkono asiahirishe sana.

Nyandarua, ngozi iliyowambwa

Upande wa magharibi, jua linakotua, kuna safu ambayo ramani huiita Aberdare, jina lililotolewa na Joseph Thomson mwaka wa 1884 kumsifu bwana mmoja wa London aliyekuwa rais wa chama cha wanajiografia. Wakikuyu waliiita Nyandarua kwa sababu mgongo wake unafanana na ngozi iliyowambwa ikauke. Kilele cha Satima kina mita 4,001. Mbuga ilianzishwa mwaka wa 1950 na ina eneo la kilomita 766 za mraba.

Maporomoko ya Karuru, yanayoanguka mita 273 kwa hatua tatu, ndiyo marefu kuliko yote nchini. Kutoka Nyeri hufikiwa kupitia lango la Kiandongoro, kwa gari lenye nguvu za magurudumu manne. Wakati wa mvua barabara huwa tope tupu na hufungwa, hivyo ni heri kupiga simu kwa ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) kabla ya kujaza tangi. Kutembea kwa miguu ndani ya msitu wa chini kunahitaji askari wa KWS mwenye silaha, na sharti hilo si la kukusanya ada. Nyati dume aliyekaa peke yake kwenye kichaka humuona mtu kabla ya mtu kumuona.

Wakazi wa Tetu na Kieni walio na umri wanakumbuka usiku ambao ndovu walimaliza shamba la mahindi na asubuhi hakukuwa na wa kumlaumu. Ujenzi wa ua wa umeme kuzunguka msitu ulianza mwaka wa 1989 na kumalizika mwaka wa 2009, ukiwa na urefu wa takriban kilomita 400. Wageni hufikiri ua huo umejengwa kulinda wanyama pekee. Mwenyeji anaweza kuwaeleza upande wa pili.

Ndani ya msitu huo ndimo ilimokuwa hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti wa mugumo mwaka wa 1932. Usiku wa tarehe 5 Februari 1952 binti mfalme Elizabeth alilala hapo, na usiku huohuo babake, Mfalme George wa Sita, akafariki Uingereza. Alipanda mtini akiwa binti mfalme, akashuka akiwa malkia. Hadithi hiyo inajulikana duniani kote. Inayosimuliwa kwa nadra ni ya mwaka wa 1954, hoteli hiyo ilipochomwa wakati wa Hali ya Hatari. Msitu ulikuwa na wenyeji wengine wakati huo, na hawakuwa wakitazama wanyama.

Gofu bila woga

Watu wengi hupita nje ya uwanja wa gofu miaka nenda miaka rudi wakiamini kwamba ndani ni kwa mawakili na wakurugenzi. Historia inaeleza woga huo. Mchezo uliletwa na walowezi, na klabu ya Nairobi iliyokuja kuitwa Royal ilianzishwa mwaka wa 1906. Kwa miongo mingi Mwafrika aliingia kwenye klabu kama hizo kwa mlango wa jikoni, au akiwa kedi aliyebeba mfuko wa fimbo. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa, na baadhi ya wachezaji bora wa kulipwa nchini ni watu walioanza kwa kubeba mifuko hiyo.

Klabu ya Gofu ya Nyeri iko hatua chache kutoka mjini. Nanyuki kuna viwanja viwili, cha Nanyuki Sports Club na cha Mount Kenya Safari Club, vyote vya mashimo 9, na mstari wa ikweta unapita katika eneo la hicho cha pili. Uwanja wa mashimo 9 huchezwa mara mbili ili kupata 18. Vingi vya nyanda za juu ni vya aina hiyo, na havina upungufu wowote kwa anayejifunza.

Kanuni ya mchezo ni rahisi: anayefikisha mpira shimoni kwa mikwaju michache zaidi ndiye mshindi. Kila shimo lina idadi ya mikwaju inayotarajiwa kwa mchezaji hodari, 3, 4 au 5 kulingana na umbali, na jumla ya mashimo 18 kwa kawaida huwa karibu 72. Utamu wa gofu, na jambo ambalo mpira wa miguu hauna, ni ile fidia inayoitwa handikapu. Mwalimu anayeanza, mwenye handikapu ya 24, akipiga mikwaju 98, anapunguziwa 24 na kubaki na 74. Mkongwe mwenye handikapu ya 6 akipiga 82 anabaki na 76. Mwalimu ameshinda, na kwa haki. Baba na binti yake wanaweza kushindana alasiri moja bila mmoja kumwachia mwenzake.

Hewa ya Nyeri ni nyepesi kuliko ya Pwani, na mpira unaopigwa huku huenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 6. Mgeni kutoka Mombasa ambaye kwao hupiga mita 150 kwa fimbo fulani ataona mpira ukiongeza mita 9 hivi, uruke nyasi fupi zenye shimo na kupotelea vichakani. Kedi wa hapa anajua hilo. Mgeni mwenye busara humuuliza kabla ya kuchagua fimbo, na asiyemuuliza humlipa amtafutie mpira.

Anayeenda mara ya kwanza avae shati lenye kola na aache jinzi nyumbani. Si lazima awe mwanachama. Klabu nyingi hupokea wageni kwa ada ya siku, na fimbo zinaweza kukodiwa. Apige simu kwanza, kwa kuwa Jumamosi mara nyingi kuna mashindano. Uwanjani asizungumze mwenzake anapopiga, arudishe kipande cha nyasi alichong'oa, na mpira ukielekea kwa watu apige kelele "fo!" kwa sauti yote aliyo nayo. Asubuhi isiyo na mawingu, kuutazama mlima kutoka hapo kunatosha kumfariji aliyepiga vibaya.

Makaburi ya Nyeri

Siku ya tatu ni ya urithi, na huanzia kwenye makaburi, kwa kuwa Nyeri ina makaburi yanayovuta watu kutoka mbali. Robert Baden-Powell, mwanzilishi wa uskauti, aliishi miaka yake ya mwisho katika nyumba ndogo aliyoiita Paxtu kwenye uwanja wa hoteli ya Outspan, akafariki tarehe 8 Januari 1941. Jiwe la kaburi lake katika makaburi ya Kanisa la St Peter lina alama ya duara lenye nukta katikati. Kwa skauti yeyote duniani alama hiyo ina maana "nimeenda nyumbani". Karibu naye amezikwa Jim Corbett, mwindaji wa simba marara wala watu wa India, aliyekuwa Treetops ule usiku wa 1952 na aliyefariki mwaka wa 1955.

Si mbali na hapo kuna kanisa la ukumbusho la Waitaliano, linalohifadhi mabaki ya zaidi ya wanajeshi 600 waliokufa Afrika Mashariki katika Vita vya Pili vya Dunia, pamoja na Amedeo, Mtawala wa Aosta, aliyefariki Nairobi akiwa mfungwa mwaka wa 1942. Kisa kimoja cha wafungwa hao kinawafaa watoto. Mwezi Januari 1943 Waitaliano watatu, wakiongozwa na Felice Benuzzi, walitoroka kambi ya wafungwa Nanyuki. Hawakukusudia kwenda kwao. Walitaka kupanda mlima waliokuwa wakiutazama kila siku kupitia seng'enge. Moja ya ramani zao ilikuwa picha kwenye karatasi ya mkebe wa chakula. Wawili wao walifika Lenana, wakasimika bendera, kisha wote watatu wakarudi kambini wenyewe na kujisalimisha.

Kisha kuna kaburi ambalo halipo. Dedan Kimathi alizaliwa Tetu mwaka wa 1920. Alipigwa risasi na kukamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 upande wa Tetu, ukingoni mwa msitu ule ule wa Nyandarua, akashtakiwa mjini Nyeri, na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Mwili wake haukurudishwa kwa jamaa. Mjane wake, Mukami Kimathi, alifariki mwezi Mei 2023 bila kumzika mumewe, baada ya kuomba kwa serikali zote zilizopita. Mgeni anayeonyeshwa jiwe la Baden-Powell bila kuelezwa kuhusu kaburi hili la pili ameonyeshwa nusu ya Nyeri. Vitabu vya waelekezi wa nchi za nje vina kurasa nyingi kuhusu nusu ya kwanza. Ya pili bado imo vichwani mwa wazee wa Tetu, Othaya na Mathira, waliokuwa watoto wakibeba chakula hadi ukingo wa msitu, au waliojua mugumo gani ulitumiwa kuachiana barua. Aliyekuwa na miaka 10 mwaka wa 1954 alizaliwa 1944. Mjukuu mwenye simu inayorekodi sauti ana kazi ya haraka likizo hii, na anaweza kuianza kwa swali dogo tu: "Guka, hapo msituni mlikuwa mkipaita nani?"

Ruring'u kuna Makavazi ya Nyeri, ndani ya jengo lililokuwa mahakama ya kesi za Waafrika kwa sheria za kimila, lililojengwa mwaka wa 1924. Ni dogo, na linafaa kwa saa moja. Ihithe, Tetu, ndiko alikozaliwa Wangari Maathai, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka wa 2004. Yeye mwenyewe alisimulia jinsi mamake alivyomkataza kuokota kuni za mugumo ulio karibu na kijito, na jinsi alivyorudi miaka mingi baadaye akakuta mti umekatwa na kijito kimekauka. Katika Kanisa Kuu la Consolata kuna masalia ya Sista Irene Stefani, ambaye watu wa Gikondi walimwita Nyaatha, mama wa huruma. Alifariki mwaka wa 1930 na kutangazwa mwenye heri mjini Nyeri tarehe 23 Mei 2015.

Pesa ya mgeni huishia wapi

Mgeni anaweza kukaa siku tatu Nyeri na asiache shilingi hata moja kijijini, ikiwa alilipia kila kitu Nairobi. Hilo hubadilika mwenyeji akijua wa kumpigia simu. Waelekezi na wapagazi wa Naro Moru wana vyama vyao. Mwelekezi halali ana kitambulisho cha KWS na hakasiriki akiombwa akionyeshe. Bei iandikwe kabla ya safari, ikitaja siku ngapi, nani ananunua chakula cha mpagazi, na nani analipa ada yake ya kuingia. Mpagazi anayepanda kwa viatu vya raba na bila koti ndiye huwa wa kwanza kuzidiwa na baridi, na anayemwajiri ana wajibu wa kumtazama kabla ya kuondoka langoni. Ada ya mbuga hulipwa kupitia eCitizen, si kwa mkono wa mtu. Raia hulipa kiwango cha chini kuliko mgeni wa nje, hivyo kila mmoja abebe kitambulisho, na watoto wabebe cheti cha kuzaliwa au barua ya shule.

Chakula nacho ni sehemu ya ziara. Mgeni aliyekula chipsi siku zote tatu hajafika Nyeri. Mukimo, njahi, nduma iliyochemshwa na uji uliochachushwa vinapatikana katika hoteli ndogo za mjini na Karatina, na mkulima wa Othaya au Chinga anayeweza kumpitisha mgeni katikati ya majani chai hadi kituo cha kupimia, kisha amkaribishe kikombe, ana bidhaa ambayo hoteli kubwa haina. Wenye kahawa Tetu na Mukurweini hupata wageni wazuri zaidi kati ya Oktoba na Desemba, wakati matunda mekundu yanachumwa na viwanda vya ushirika vinasaga.

Wanaorudi Nairobi Jumapili waondoke kabla ya saa nane mchana ili waupite msongamano wa jioni, na wasimame Karatina kununua nduma na viazi vitamu. Bei ya hapo sokoni ni afadhali kuliko ya kando ya barabara kule mbele.